Umechoka kusubiri kutoboa? Jinsi ya kujitengenezea kipimo chako mwenyewe cha maisha

Mwaka 2021 nilifanya kitu ambacho baadhi ya ndugu zangu mpaka leo hawajanielewa, nilihama kwenye nyumba niliyojenga mwenyewe Chanika, pembezoni mwa Dar, nikaweka mpangaji, afu mi na mke wangu na watoto tukarudi kupanga Tabata. Wiki hiyo hiyo baba mdogo akanipigia simu akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, kazini kuna shida?" Shangazi yangu mmoja akaanza kufunga na kuniombea. Kwao hapakuwa na maelezo mengine, mtu akishajenga amejenga, akirudi kupanga maana yake ameanguka.

Naandika hii kwa ajili ya mtu aliyepo pale nilipokuwa mimi. Una kazi au biashara inayokwenda, hulali njaa, nyumbani wanakuona umefika, lakini usiku ukilala unahisi kama kuna mtihani unaufanya na hujui nani anasahihisha. Sio maneno ya kutiana moyo, ni vitu vya kufanya, kwa daftari na kalamu, na vingine vinauma. Mimi vilinichukua karibu miezi miwili, usivikimbilie.

Anza na hela iliyotoka, ndoto baadae

Watu wakikwambia utafakari maisha yako wanakwambia kaa chini uandike ndoto zako. Mi nakushauri usianze huko, manake kwenye ndoto tunaandika vitu tulivyoambiwa tuvitake. Hela iliyotoka haidanganyi. Chukua miamala yako ya simu na ya benki ya miaka miwili mitatu iliyopita, tafuta vitu kumi vikubwa ulivyolipia ukitoa chakula, kodi na ada, viandike, afu mbele ya kila kimoja jibu swali moja tu: nilitaka nani aone?

Jibu kwa majina. Usiandike "jamii", andika jina la mtu.

Mimi geti la Chanika lilinitoka milioni moja na laki nane kipindi ambacho dari bado, yani ndani tukiinua macho tunaona bati, lakini nje geti limesimama. Nilipojiuliza nilitaka nani aone nikaandika majina mawili, jirani ambaye mpaka leo hatujawahi kukaa tukaongea, na jamaa niliyesoma nae ambaye alikuja mara moja akakaa nusu saa. Niliangalia yale majina mawili kwa muda mrefu. Hawa watu hawakuniomba chochote, mimi ndo niliwapa kazi ya kunisahihishia maisha bila wao kujua.

Kwenye orodha hiyo hiyo kulikuwa na tenki la maji la lita elfu mbili na mashine ya cherehani ya mke wangu. Mbele ya hivyo jibu lilikuwa hamna, sikutaka mtu yeyote aone, nilitaka tu maji yawepo na yeye apate kitu chake. Vitu vya namna hiyo vipigie mstari. Ukivitazama vizuri vinakuonyesha unapenda nini pale ambapo hamna anaekuangalia, na hapo ndo pa kuanzia.

Tafuta kipimo chako kimetoka wapi

Hii hatua watu wengi wanairuka na mi naona ndo inafungua macho kuliko zote. Piga simu kwa watu watatu wa rika tofauti, mfano bibi au babu kama bado yupo, mzazi, na mdogo wako wa miaka ishirini na kitu. Waulize swali lile lile: enzi zenu (au siku hizi) mtu akisemwa amefanikiwa, alikuwa na nini? Andika wanavyosema, usibishane nao.

Kwetu ni Mbinga, mkoani Ruvuma. Babu yangu alipimwa kwa mashamba ya ngoro, yale ya mashimo ya Wamatengo kule milimani, na kahawa, na zaidi ya vyote idadi ya watu wanaokula kwake jioni. Baba yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa enzi zake mwalimu alikuwa mtu mkubwa, ana baiskeli ya Phoenix, ana redio, watu wanakuja kusomewa barua na kuandikiwa majibu. Hakuwahi kuwa na nyumba ya bati mpaka mimi nilipokuwa darasa la tano na hakuna mtu aliyemuona hajafanikiwa.

Afu kuna historia ya nchi nzima. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, miiko ya uongozi ilisema kiongozi wa TANU, chama tawala cha wakati ule, au wa serikali asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma tena hiyo ya mwisho. Kuwa na nyumba ya kupangisha, ambayo leo ukimuuliza mtu yeyote mtaani plani yake ya uzeeni atakutajia ya kwanza, kwa kiongozi wa enzi zile ilikuwa doa. Ilipofika 1991 halmashauri kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ikakaa Zanzibar ikalegeza masharti yale, na ndani ya miaka michache kile kilichokuwa doa kikawa sifa. Sisemi nani alikuwa sahihi, hapo watu watabishana mpaka asubuhi. Nachotaka uone ni kwamba kipimo kiligeuka kabisa ndani ya miaka 24 na waliogeuza ni watu waliokaa kikao. Sasa kama watu wanaweza kukaa wakageuza kipimo cha nchi, wewe na mwenzako mnaweza kukaa mezani mkaangalia cha kwenu.

Mdogo wangu wa mwisho nilipomuuliza akajibu haraka, "ni mtu aliyejipata, ana gari, anasafiri, hana stresi." Nikamuuliza umemuona wapi huyo mtu, akafikiria, akasema kwenye status. Nikamuuliza unamjua anaishije, akasema hapana. Andika na hiyo.

Kutosha ni namba, itafute

Kabla ya hapa niseme kitu muhimu. Kama hela ya kula kesho huna, au unaumwa na dawa hujanunua, au umeingia kwenye ile mikopo ya kausha damu na kila wiki wanakuja kwenye kibanda chako, shida yako sio kufikiri vibaya kuhusu mafanikio, shida yako ni kipato na deni, na mtu akikwambia uridhike anakukosea heshima. Tafuta hela kwanza. Hii sehemu ni ya kukusaidia ujue unatafuta shilingi ngapi, kwa sababu hata wewe unaetafuta unahitaji kujua mwisho wake.

Chukua karatasi, andika mwezi mmoja wa maisha ambayo ukiyaishi huna aibu na huna njaa na watoto wanasoma. Sio maisha ya ndoto, maisha ya kutosha. Nitakupa mfano wa familia ya watu wanne hapa Dar, namba zako zitakuwa zako:

Kodi 250,000. Chakula 400,000. Ada ya watoto wawili kwa mwaka tuseme milioni moja na laki nane, ukigawa kwa miezi 12 ni 150,000. Nauli za nyumba nzima 120,000. Umeme, maji na gesi 70,000. Wazazi 100,000. Ya ugonjwa, iwe bima au unaweka pembeni, 80,000. Michango 50,000. Jumla 1,220,000.

Hiyo namba iandike kubwa juu ya ukurasa. Mimi kabla ya kuifanya hii nilikuwa na neno moja tu kichwani, zaidi, na zaidi haina mwisho kwa sababu haina namba. Ukipata laki nane unataka milioni, ukipata milioni unaona wenzio wa milioni mbili, na kila ukifika unazoea. Kuzoea ni kwa binadamu wote, mi nakumbuka siku tumehamia Chanika nililala macho wazi kwa furaha nikisikiliza mvua juu ya bati langu, mwezi wa tatu mvua ikinyesha nilikuwa nawaza barabara itakavyokuwa asubuhi.

Ukishakuwa na namba unaweza kujiuliza maswali yenye majibu. Nipo chini yake au juu? Kama chini, napungukiwa kiasi gani hasa, na ni nini kinaweza kufunga hilo pengo, biashara ya nyumbani, kubadili kazi, kuhama shule? Kama upo juu, ile inayozidi unaifanyia nini, na je kuna kitu kwenye maisha unakiuza ili uendelee kuzidisha ambacho ungependa kukinunua tena? Hilo swali la mwisho ndo lililonitoa Chanika.

Hesabu masaa kama unavyohesabu hela

Ntaeleza hapa kwa urefu kidogo manake ndo ilikuwa kesi yangu yenyewe.

Kiwanja nilinunua 2011, msingi 2012, matofali tulikuwa tunafyatua kidogo kidogo kila nikipata, boma likasimama 2014, likakaa bila kupauliwa mwaka na nusu mpaka majirani wakaanza kuliita pagala, nikachukua mkopo kazini nikapaua, tukahamia 2017 madirisha yana nyavu tu. Mkopo ulikatwa kwenye mshahara miaka mitano, ukijumlisha na makato ya mkopo wa elimu ya juu ambao ni asilimia 15 ya mshahara, kuna miezi nilikuwa napokea hela ambayo naona aibu hata kumwonyesha mke wangu. Lakini nimejenga. Kila mtu akisikia nimejenga ananiita mkubwa.

Ofisi ipo Posta, katikati ya mji. Natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, watoto wamelala. Narudi saa tatu usiku, watoto wamelala. Gongo la Mboto mpaka Banana pale foleni ikikushika unaweza kumaliza sura nzima ya kitabu umesimama, flaiova ya Tazara ilivyofunguliwa 2018 ilisaidia pale penyewe ila njia yetu ni ndefu kuliko flaiova moja. Nikawa natumia wastani wa masaa mawili na nusu kwenda na mawili na nusu kurudi. Masaa matano kwa siku, siku 22 za kazi kwa mwezi, ni masaa 110. Gawa kwa 24. Ni siku nne na nusu kamili, mchana na usiku, kila mwezi, nipo ndani ya daladala. Kwa mwaka ni zaidi ya siku hamsini.

Siku moja mtoto wangu wa pili, alikuwa na miaka minne, mama yake akamwambia mpe baba maji, akaniletea maji akaniita "anko". Alijirekebisha mwenyewe haraka. Hatukucheka.

Nikachukua daftari. Nyumba ya Chanika ingeweza kupangishwa 150,000. Nyumba ya vyumba viwili Tabata ni 300,000, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkupuo pamoja na ya dalali ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kila mwezi ntaongeza 150,000 kwenye kodi, nauli itapungua kama elfu 60, nabaki nimepoteza kama elfu 90. Nilichokuwa nanunua kwa elfu 90 ni masaa matatu na nusu kila siku, na watoto wakiwa macho. Nilipoiona hivyo sikuhitaji mtu wa kunishauri.

Sasa wewe fanya hesabu yako. Wiki moja tu, andika kila siku masaa yalienda wapi, kazini, njiani, kwenye simu, na watu wako, kulala. Afu chukua kile kitu kikubwa unachojivunia, nyumba, cheo, duka la pili, na ukiandikie bei yake kwa masaa sio kwa shilingi. Inawezekana ukakuta inalipa kabisa, kuna mtu nyumba ya mbali inampa shamba na kuku na utulivu na kazi yake ipo hapo hapo, huyo asihame. Sisemi watu wasijenge, jamani nyumba ni kitu kizuri sana. Nasema jua unalipa nini.

Na usijibu kwamba utapumzika ukistaafu. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55, na ile hela ya mkupuo watu waliyokuwa wanaitegemea mnajua ilivyokwenda, kikokotoo, yani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, cha Julai 2022 kiliweka mkupuo asilimia 33, 2024 ikapandishwa kwa baadhi ya watumishi mpaka 40. Kanuni zinaweza kubadilika tena kabla hujafika. Mtoto wako atakuwa na miaka minne mwaka huu tu.

Wazazi na ndugu ni sehemu ya kipimo, wape mahali pao

Kuna mafundisho mengi siku hizi ya kuambiana ishi maisha yako, usijali watu, kata watu wote wanaokuvuta nyuma. Mi siyakubali. Mtu aliyeuza kahawa ya msimu mzima ili wewe uende fomu wani, halafu leo unamuweka kwenye kundi la wanaokuvuta nyuma, hapana. Kwetu mtu hajawahi kufanikiwa peke yake, na kipimo ambacho hakina mama yako ndani yake kitakusumbua roho hata kama akaunti imejaa.

Ila kuna tofauti kati ya wajibu na maonyesho, na hizi mbili zinakuja zimevaa nguo moja. Njia ya kuzitenganisha: wajibu una mtu ambae maisha yake yanabadilika ukitoa. Dawa za presha za mama, ada ya mtoto wa dada aliyefiwa, bati la baba. Maonyesho ukitoa hakuna anaebadilikiwa, ila usipotoa jina lako litasemwa kwenye grupu.

Kaa chini na michango yako ya mwaka mzima. Mimi nilipojumlisha kadi za harusi, sendofu, kichen pati na kipaimara za mwaka mmoja nilikuta nimetoa milioni moja na laki moja na nusu, na mwaka huo huo mama aliniomba laki mbili za godoro na kitanda mgongo unamsumbua, nikamwambia asubiri. Alisubiri miezi saba. Hilo bado linaniuma nikilikumbuka.

Hivi ndivyo tunavyofanya sasa hivi. Wazazi wana kiasi chao cha kila mwezi, kinatoka siku ya mshahara kabla ya kitu kingine, hawaombi, kinakuja. Michango ya sherehe ina bajeti yake ya mwaka, ikiisha imeisha. Na kusema hapana tumejifunza kuisema mapema na kwa heshima, usisubiri mpaka mweka hazina wa kamati akutaje. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo mama mdogo, kadi nimeipata na nimefurahi sana kwa ajili ya mdogo wangu. Kwa mwaka huu nilichonacho ni elfu thelathini, naituma leo hii, na siku yenyewe ntakuja asubuhi kusaidia kupanga viti na kupokea wageni." Utashangaa. Wengi wanapokea vizuri kuliko unavyoogopa, na wachache watanuna, na watakaonuna ndo waleee uliowaandika kwenye swali la nani aone.

Watu wa saa nane usiku

Andika majina ya watu unaoweza kuwapigia saa nane usiku mtoto ana degedege na gari hamna. Sio marafiki wa kwenye simu, wale wanaokuja. Mimi nilikuwa na wawili, mmoja akiwa Mwanza.

Kuna utafiti maarufu wa chuo kikuu cha Harvard ulianza 1938 na vijana 268 wa chuo hicho, baadae ukaunganishwa na mwingine wa vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston, wakafuatiliwa maisha yao yote, kazi, ndoa, afya, mpaka uzeeni, na unaendelea mpaka watoto wao. Anaeuongoza sasa, daktari Robert Waldinger, amekuwa akieleza kwamba walipoangalia nyuma, waliokuwa wameridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndo waliokuwa na afya nzuri wakiwa na 80, na hilo lilitabiri vizuri kuliko hata kolestro yao. Ni wanaume wa kizungu wa Marekani, maisha yao sio yetu, na bibi zetu hawakuhitaji utafiti kulijua hilo. Lakini mimi nilihitaji, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuona kukaa na watu ni kupoteza muda wa kutafuta.

Cha kufanya hapa ni kidogo sana na lazima kiwe kwenye ratiba la sivyo hakitafanyika. Chagua watu watano. Kila Jumapili jioni mpigie mmoja, sio meseji, simu, bila shida na bila kuomba kitu. Ndani ya mwezi na kitu umewazunguka wote. Msiba wa jirani nenda siku ya kwanza, usisubiri siku ya kuzika, kaa kwenye jamvi, saidia kubeba maji. Vikoba ulivyojiunga kwa ajili ya mkopo tu, siku moja baki baada ya kikao uongee na watu. Mi Tabata nina sita sasa, wanne wanaishi mita chache kutoka nilipo.

Kazi unayolipwa na kazi yako

Hapa ntapita haraka. Watu wanaumia sana na cheo. Shaaban Robert, ambae mpaka leo tunamsoma shuleni, ajira yake ilikuwa karani, aliingia forodha 1926 akakaa huko mpaka 1944, akahamia idara ya wanyama, baadae ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Mkoloni alimlipa kwa ukarani. Ukimpima kwa cheo ni mtumishi wa kawaida asiyepanda sana. Kwa hiyo kwenye daftari gawa ukurasa katikati, kushoto andika kazi inayokulipa, kulia andika kazi ambayo ukiifanya hujui saa zimekwendaje. Mwenye bahati pande zote zinafanana. Kama hazifanani usikimbilie kuacha ajira, watu wanashauriana hovyo kuhusu hilo na wenye kuumia ni watoto. Ila upande wa kulia upewe masaa yake, hata matatu kwa wiki, na yalindwe kama kikao cha bosi. Mimi nafundisha hesabu watoto sita wa mtaani Jumamosi asubuhi, bure, nadhani nimerithi kwa baba.

Andikeni kipimo chenu

Sasa una vitu vitano kwenye daftari, nani aone, kipimo kilikotoka, namba ya kutosha, masaa, na watu. Kama una mwenza muonyeshe vyote, na yeye awe amefanya vyake pembeni bila kuangalia vyako. Hii usiifanye mna hasira na usiifanye usiku mmechoka. Sisi tulikwenda Coco Beach Jumapili asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, watoto wakacheza mchanga, tukasomeana.

Nilijua mke wangu anapenda nyumba ya Chanika kuliko mimi. Kumbe alichokuwa anakipenda ni kwamba hamna mwenye nyumba wa kumgombeza kuhusu kufua, na alichokuwa anakiogopa zaidi ya kupanga ni kulea watoto peke yake mume akiwa hai. Miaka minne tulikuwa tunavumiliana kwa ajili ya kitu ambacho kila mmoja alidhani ni cha mwenzake.

Andikeni sentensi tano mpaka saba, zisizidi, za vitu vinavyoweza kuhakikiwa kwa ndio au hapana. "Tuwe na furaha" haihakikiwi. Zetu kwa mwaka huu zipo hivi: tunakula chakula cha usiku pamoja siku nne kwa wiki. Wazazi wa pande zote mbili wamepata hela yao kabla ya tarehe 5. Hatuna deni la mtu binafsi. Kila mtoto amekaa na babu na bibi yake angalau wiki mbili. Kuna akiba ya miezi mitatu ya ile namba. Mama ana masaa yake ya cherehani na hayaguswi. Ukichunguza hapo kuna hela ndani yake, hatujaitupa, ila imekaa kama chumvi.

Zibandike mahali mnapoziona nyie, ndani ya kabati panatosha. Kila mwisho wa mwaka, kabla ya safari za Krismasi na kelele zake, mnakaa mnaweka alama, mnabadilisha zisizofaa. Kipimo sio amri kumi, kitu kilichokufaa ukiwa na watoto wadogo kinaweza kisikufae wakishaondoka, na inawezekana kabisa sisi siku moja tukarudi Chanika, miti niliyopanda kule imeshakuwa mikubwa.

Desemba iliyopita tulipata nne kati ya sita. Akiba haikufika, na watoto hawakwenda Mbinga, nauli ilikuwa juu tukaahirisha. Hiyo ya Mbinga ndo tumeiweka namba moja mwaka huu, baba ana miaka 74 na anasema ana mtu anataka kumfundisha kuendesha baiskeli. Tiketi za mwezi wa sita nimeshalipia.